Siku nane Oman, peke yangu

Wiki nzima mama alikuwa na wimbo mmoja tu, mwanamke peke yako, nchi ya Waarabu, huna mume huna ndugu kule, ukipatwa na jambo utamlilia nani. Mi hela ya Oman nilikuwa nimeidunduliza miaka miwili, nikamkumbatia pale eapoti ya Dar nikaenda zangu.

Kwenye ndege nikakaa na binti wa Singida anaenda kufanya kazi za ndani. Akanipa mkataba wake nimsomee maana ulikuwa wa Kiarabu na Kiingereza, na yeye vyote hasomi, ameshatia saini tayari. Nilimsomea taratibu mstari kwa mstari, iliniuma sana. Tulivyotua Muscat kila mtu akajua na mi nimefuata kazi hiyo hiyo, jamaa mmoja akaniuliza bosi wako anakuja saa ngapi kukuchukua. Nikamwambia nimekuja kutembea. Akaniangalia, akaiangalia pasi, akaniangalia tena. Siku zote nane hilo swali lilinifuata, madukani, kwenye teksi, kwamba mwanamke mweusi toka kwetu hawezi kuja tu kuangalia bahari.

Ila hofu ya mama sikuiona. Usiku wa saa nne nilitembea ufukweni Mutrah, hapo hapo Muscat, peke yangu na hakuna aliyenigusa wala kunipigia mluzi, wakati Kariakoo mchana kweupe navutwa mkono mara tano kabla sijafika dukani. Kwenye basi siti za mbele ni za wanawake, mwanaume akikuona umepanda anahama mwenyewe. Kilichonichoma ni pazia. Mgahawa mmoja Ruwi, mtaa mwingine wa Muscat, nilikaa karibu na dirisha, mhudumu akaja kwa adabu zote akanihamishia chumba cha familia huko nyuma, akavuta pazia, nikala wali na samaki natazamana na ukuta. Alinifanyia heshima, najua, lakini mi nilitaka kuona barabara.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos sisi wakristo tunaingia asubuhi mpaka saa tano, nikajifunga mtandio vizuri mpaka nywele zote ndani. Watu wote wanainua shingo kuangalia taa ile kubwa, mi nikainama kwenye zulia. Ni moja tu, mita 70 kwa 60, wamelisuka wanawake 600 kule Iran miaka minne. Nilitamani kupiga magoti nilishike.

Sokoni Mutrah nikiwa nachagua ubani nikasikia nyuma yangu "wewe mtu wa Bara?" Nusura niangushe. Bibi wa Kiarabu, baibui jeusi, Kiswahili cha Unguja kimenyooka kuliko changu. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, uko na nani? Niliposema peke yangu akanishika mkono mpaka nyumbani kwake. Amezaliwa Unguja, wakaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 akiwa mdogo. Kaa kitako, kula haluwa, kahawa ya iliki ikaja kwenye vikombe vidogo na kila nikimaliza ananijazia, mpaka akanionyesha kwamba ukitosheka unakitikisa kikombe. Aliniuliza embe dodo bado zipo. Hakuniuliza bosi wangu nani.

Alhamisi nikapanda basi kwenda Nizwa, kama kilomita 160 hivi, maana soko la mbuzi ni Ijumaa asubuhi na mapema. Wauzaji wanazunguka duara na mbuzi wao wakitaja bei kwa sauti, wanunuzi wamejipanga pembeni. Na pale ndo nikawaona wamama wa Kibedui na barakoa zao, barakoa zenyewe za asili, sio hizi tulizovaa kipindi cha korona. Mmoja alimfungua mbuzi mdomo akatazama meno, akampapasa kiwele, akataja bei yake akageuka anaondoka, na muuzaji mwanaume mzima akamfuata mbio. Nikachukua video.

Simu ikaingia ujumbe, ni yule binti wa kwenye ndege. Dada umefika wapi, nisimulie kukoje, mi tangu nifike sijatoka nje. Nikamtumia ile video yote. Akanijibu kwa sauti, anaongea chini chini huku anacheka, mbuzi gani hao wana manyoya marefu hivyo, baba akiwaona atashangaa, dada nitumie nyingine.