Ada hakuna, ila milioni 29 zilitakiwa: nilivyokwenda kusoma Ujerumani

"Sasa kama ada hakuna, milioni nane na nusu za nini?"

Baba mdogo aliniuliza hivyo kule Babati, Juni 2023, tumekaa kibarazani baada ya chakula cha jioni. Alikuwa na haki ya kuuliza. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimewapigia simu nyumbani kuwaambia nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Ujerumani bila ada, na sasa nimekuja kukopa.

Nikamweleza polepole. Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani vingi havitozi ada, hata kwa mgeni. Lakini hupewi viza mpaka uonyeshe kwamba una hela ya kula na kulala mwaka mzima. Mwaka ule kiwango kilikuwa euro 11,208. Unaziweka kwenye akaunti maalumu ukiwa bado nyumbani, zinafungwa, na ukishafika unaachiwa euro 934 kila mwezi. Kwa bei ya benki siku zile ilikuwa inapita kidogo shilingi milioni 29. Akiba yangu ya miaka mitatu ya kazi ilikuwa milioni 12. Kiwanja changu cha Morogoro nilishakiuza milioni tisa.

"Kwa hiyo hela inabaki yako?"

"Inabaki yangu, baba. Chuo hakiigusi."

Aliomba nimwonyeshe kwa maandishi. Nikafungua ukurasa wa ile akaunti kwenye simu, akavaa miwani, akasoma tarakimu ya 934 mara mbili kwa sauti. Kesho yake asubuhi alikwenda benki.

Naanzia hapa kwa sababu watu wengi wanaoniuliza "ulipataje ufadhili" hawaamini nikiwaambia sikupata ufadhili. Niliomba mara mbili, nikakosa mara mbili. Nilichofanya ni kutafuta nchi ambayo ada yenyewe haipo, kisha nikahangaikia hela ya kujikimu. Sweden ilianza kuwatoza wanafunzi kutoka nje ya Ulaya mwaka 2011, Finland 2017, na Norway, ambayo ndiyo niliyokuwa naitolea macho, ikaanza 2023. Ujerumani imebaki, ingawa si yote. Jimbo la Baden-Württemberg linatoza euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kimeanza kutoza wanafunzi wapya kutoka nje ya Umoja wa Ulaya mwaka 2024. Mimi nilikaribia kutuma maombi kwenye chuo cha Baden-Württemberg bila kujua. Tangu hapo nikawa naangalia jimbo kwanza, kisha ndiyo naangalia kozi.

Wakala mmoja wa Dar alitaka milioni tatu ili "anishughulikie". Nilimkatalia, na ninamwomba kila mtu akatae. Maombi unatuma mwenyewe kwenye mtandao. Vyuo vingine vinapokea moja kwa moja, vingine vinapitia uni-assist, ofisi inayokagua vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo, ambako unalipa euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Niliomba vyuo vitano, viwili kwa njia hiyo, jumla euro 105. Basi.

Kilichonichelewesha ni jina. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, na kwenye cheti cha chuo jina la babu limeongezwa herufi moja. Kwa macho yetu ni mtu yuleyule, ila karani wa ng'ambo hakujui, anasoma herufi. Nilikwenda kwa wakili kuapa kiapo cha jina, nikapeleka kila cheti kurekebishwa kilikotoka, nikasubiri. Miezi minne ilikatika hivyo, na msimu mmoja wa maombi ukanipita.

Ile miezi minne ilinipa muda wa kuandika upya barua ya kujieleza. Ya kwanza nilikuwa nimeokota mfano mtandaoni nikabadilisha jina tu. Mara hii nikaandika habari za mbaazi. Mama analima mbaazi pamoja na mahindi, kama watu wengi wa Babati. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha kuingiza mbaazi, bei ikaporomoka huku kwetu, na magunia ya mama yakakaa stoo mpaka wadudu wakaingia. Niliandika jinsi nilivyomsaidia kuyamwaga, na maswali niliyobaki nayo: kwa nini mkulima wa Manyara hajui jambo linaloamuliwa Delhi mpaka lorry la mnunuzi lisipokuja. Kwa barua hiyo, Chuo Kikuu cha Göttingen kikanichukua kwenye kozi ya kilimo endelevu cha kimataifa, inayoendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Kassel, kwa Kiingereza.

Nilifika Oktoba 2023. Bure ile niliielewa vizuri zaidi hapo. Kila muhula kulikuwa na mchango wa euro mia tatu na ushee, ila ndani yake mlikuwa na tiketi ya treni. Bima ya afya kama 120 kwa mwezi. Chumba cha hosteli 330. Jikoni tulikuwa watu sita, na nilijifunza kupika ugali kwa unga wa duka la Waafrika, mfuko mmoja unanifikisha mwisho wa mwezi.

Kazi tuliruhusiwa siku 120 nzima kwa mwaka, na tangu Machi 2024 zikawa 140. Nilipanga mizigo ghalani Jumamosi na siku za likizo, kwa euro 12 kwa saa, baadaye 12.41. Nilichopata hapo ndicho nilichokuwa namrudishia baba mdogo, shilingi laki nne, laki tano, kila mwezi.

Masomo mengine yanafundishwa Witzenhausen, mji mdogo wenye tawi la Chuo Kikuu cha Kassel, mwendo wa nusu saa hivi kwa treni. Kuna banda la vioo la mimea ya kitropiki. Nje theluji, ndani joto la Tanga. Nilikuta mibuni, migomba, mipapai, nikashika jani la mbuni na miwani yangu ikiwa imejaa ukungu. Mwalimu akatuambia kwamba mahali hapo mwaka 1898 ilianzishwa Shule ya Kikoloni ya Ujerumani, iliyowafundisha vijana wao kilimo kabla ya kwenda kusimamia mashamba kwenye makoloni. Makoloni hayo ni pamoja na kwetu. Nilisimama pale muda mrefu kuliko wenzangu. Nilimpigia mama kwa video nikamwonyesha migomba, yeye akauliza kwa nini haijapunguziwa machipukizi.

Deni nililimaliza Agosti 2025. Baba mdogo alinitumia ujumbe mfupi: zimefika zote. Sasa binti yake anataka kuja, na kiwango kimepanda kuwa euro 11,904. Tumeanza kuweka, mimi huku na baba mdogo kwenye kikoba chake. Kiapo cha jina binti ameshaapa, wiki iliyopita.