Jioni nilipotafuta ICC nikapewa kriketi

Tarehe 5 Aprili 2016 ilikuwa Jumanne na stima ilikuwa imepotea tangu saa sita mchana pale kwa mjomba Nakuru, kwa hivyo tivii ilikuwa kimya na redio ya shosho, nyanya yangu, nayo betri zilikuwa zimeisha, alikuwa ameziweka dirishani zipigwe jua kidogo vile hufanya siku zote. Kazi ya kutafuta habari ikaniangukia mimi na simu yangu iliyokuwa imebaki na chaji asilimia 19.

Shosho alikuwa ameketi kwenye kigoda akichagua maharagwe kwenye uteo, na kila dakika chache ananiuliza, "Wamesema?" Tulikuwa tumesikia kwamba siku hio majaji wa ICC, mahakama ya kimataifa ya jinai kule Hague, wangetoa uamuzi juu ya ombi la William Ruto, ambaye wakati huo alikuwa naibu wa rais, na mtangazaji wa redio Joshua arap Sang, waliosema hawana kesi ya kujibu. Mashtaka yalitoka kwenye vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, nayo yalikuwa mauaji, kuhamisha watu kwa nguvu na kuwatesa watu kwa sababu ya walikosimama kisiasa. Hio ya kuhamishwa ilikuwa yetu kabisa. Nyumba yetu Burnt Forest ilichomwa Januari 2008, tukalala kwenye uwanja wa maonyesho Eldoret na watu maelfu, shosho akiwa na Biblia na sufuria moja tu alizookoa, na baadaye serikali ikampa shilingi 10,000 za kuanza maisha upya. Kwake hii kesi haikuwa siasa. Alikuwa anataka tu mtu mwenye mamlaka aseme kwa sauti ni nini kilitufanyikia na ni nani alikipanga.

Nikaandika ICC uamuzi. Ikaja kriketi. Nikadhani nimekosea herufi, nikaandika tena kwa Kiingereza, ikaja kriketi zaidi, picha za vijana wa West Indies wakiruka na kombe, uwanja wa Kolkata umejaa. Kumbe ICC ni pia jina la baraza la kriketi duniani na fainali ya Kombe la Dunia la T20 ilikuwa imechezwa Jumapili ya juzi yake tu, 3 Aprili, England wakashindwa kwenye ova ya mwisho, yaani mipira sita ya mwisho, West Indies walihitaji mbio 19 na Carlos Brathwaite akapiga mipira minne mfululizo, kila mmoja wa mbio sita. Sina ubaya na kriketi, hata Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 na tulijivunia sana. Lakini siku hio nilikuwa nashusha na kidole, nashusha, natafuta watu waliouawa, Tume ya Waki iliyochunguza zile vurugu iliwahesabu 1,133, na kila ninapofika ni mtu anafurahia mpira.

Nikajaribu jina la Sang. Hilo nalo kwa Kiingereza ni "aliimba", kwa hivyo nikapewa wanamuziki. Chaji ilikuwa imefika 14.

Ndio nikaandika kwa Kiswahili, majaji kesi ya Ruto, na hapo juu kabisa ikatokea habari inayosema majaji wameahirisha kesi kwa wiki moja na kumruhusu Ruto arudi nyumbani. Nikasoma kwa sauti kabla hata sijaifungua. Shosho akaacha mkono wake ndani ya maharagwe. "Wiki moja tena?" akasema. "Miaka minane na bado wanataka wiki moja?" Akasimama, akafunga leso vizuri kiunoni, akaenda nje kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Nilipoifungua nikaona tarehe, kwa maandishi madogo ya kijivu chini ya kichwa cha habari. 23 Septemba 2013. Ilikuwa ile wiki ya Westgate, magaidi walivamia lile duka kubwa la Nairobi siku ya Jumamosi na Jumatatu yake majaji wakampa Ruto ruhusa arudi kushughulikia janga, kesi yenyewe ilikuwa imeanza siku 13 tu kabla ya hapo. Habari iliyosomwa na watu wengi sana, ndio maana bado ilikuwa inaelea juu, ile mashine haikujua kwamba shosho anauliza ya leo. Nilimfuata nje nikamwambia, shosho nisamehe, nimekusomea ya zamani. Hakunijibu. Alinishika tu mkono turudi ndani.

Jioni ndio habari yenyewe ikaanza kutokea na hapo ikawa vigumu zaidi, juu kila mahali palikuwa na neno lake. Huku Ruto ameachiliwa huru, kule kesi imetupiliwa mbali, pengine kesi imeharibika, pengine anaweza kushtakiwa tena, na zote ni za saa hio hio. Nilifikiri ni ule mchezo wa tarehe tena. Nikakagua moja moja, zote ni 5 Aprili. Ilibidi nisome pole pole huku nimepunguza mwanga wa simu hadi karibu sioni, na nikagundua kwamba waandishi walikuwa wanapigana na uamuzi wenyewe. Majaji walikuwa watatu. Chile Eboe-Osuji wa Nigeria na Robert Fremr wa Czech walikubaliana kesi iishe, lakini kila mmoja na sababu zake, Fremr akiona ushahidi umekuwa dhaifu mno, Eboe-Osuji akisema kesi imeharibiwa na kuingiliwa kwa mashahidi na vitisho vya kisiasa. Hawakusema hana hatia, na upande wa mashtaka uliachiwa nafasi ya kurudi siku moja ukipata ushahidi. Wa tatu, Olga Herrera Carbuccia wa Jamhuri ya Dominika, alikataa. Yeye aliona ushahidi uliopo unatosha kesi iendelee.

Nje honi za magari zilikuwa zimeanza kulia.

Nilimweleza shosho hivyo hivyo, kwa Kikuyu changu kinachokwama, kwamba imeisha lakini hawajasema ni nani. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza huyo wa tatu ni mwanamume ama mwanamke. Nikamwambia ni mama. "Anaitwaje?" Nikaandika jina lake nipate kuhakikisha, na hilo peke yake halikuleta kriketi wala nyimbo, lilimleta yeye, mama wa nywele fupi amevaa joho la bluu na kitambaa cheupe kifuani. Shosho aliileta simu karibu na uso wake.

Chaji ilikuwa 3. Alichukua Biblia, ile ya sufuria, akafungua ukurasa wa nyuma ambako ameandika siku za kuzaliwa za watoto wake, akanipa kalamu. Nilimwandikia Olga Herrera Carbuccia kwa herufi kubwa, nikirudia kuangalia kwenye simu kama nimeweka c mbili, na kabla sijamaliza kukagua simu ikazima.