Nilivyopima mkazo wa waya wa gitaa kwa dumu la maji

Nilitaka kujua waya mwembamba kuliko wote kwenye gitaa langu unaivuta shingo kwa nguvu kiasi gani. Kifaa cha kupima mkazo sina, ila kanuni ipo tangu 1636, alipoichapisha mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne: idadi ya mitetemo hutegemea urefu wa waya, mkazo wake, na uzito wa kila mita. Ukijua tatu kati ya hizo nne, ya nne unaikokotoa.

Uzito ndio ulionihangaisha. Waya wenyewe una unene wa milimita 0.25, na mita nzima haifiki nusu gramu. Mizani ya dukani haishtuki hata kidogo. Nikaenda kwa sonara. Kwanza nilikata kile kipete cha shaba cha mwishoni, maana chenyewe tu kingevuruga hesabu, nikapima mita moja na kuiviringisha kama hereni. "Hii fedha?" akaniuliza. Mizani yake ikasoma gramu 0.40.

Nyumbani nikasimamisha ubao wima, nikafunga waya kwenye msumari juu, chini nikaning'iniza dumu. Wima, kwa sababu waya ukipita kwenye ukingo wa meza, msuguano unameza sehemu ya uzito. Nikachomeka vijiti viwili chini ya waya, sentimita 60 kati yao. Dumu na maji yake kilo 1: programu ya simu ikaonyesha mitetemo 131 kwa sekunde. Kilo 4: 261. Uzito mara nne, mitetemo mara mbili, vilevile kanuni inavyotaka.

Simu nayo hudanganyika. Ukiudonoa waya karibu na kijiti, inaweza kukusomea 261 hata kwa kilo moja, kwani waya hautetemeki mzimamzima tu. Nusu zake mbili nazo hutetemeka kwa kasi maradufu. Donoa katikati kabisa. Hapo mtetemo wa nusu-nusu umetulia tuli, kidole hakiwezi kuuamsha.

Sasa gitaa lenyewe: sentimita 65, mitetemo 330. Urefu mara mbili ukizidisha kwa mitetemo unapata kasi ya wimbi, mita 429 kwa sekunde. Kipeo chake cha pili ukizidisha kwa kilo 0.0004 unapata karibu nyutoni 74, yaani kama kuning'iniza kilo saba na nusu. Na huo ni mmoja kati ya sita. Sishangai tena magitaa ya bei rahisi yakipinda shingo.