Safari ya fildi Kusini: wodi ya watoto njia ya Masasi

Mi mwanafunzi wa udaktari, nilikuwa naenda fildi, yani mazoezi ya kazi wilayani. Basi lilitoka Dar alfajiri, tukavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji jua limeshapanda. Mzee niliyekaa naye siti moja akanisimulia enzi za pantoni kabla daraja halijafunguliwa 2003, yani ukichelewa unalala palepale mtoni. Sa hivi lami ipo lakini Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara maeneo ya Somanga, magari yakakwama huku na huku, na mi kichwani nikawa nawaza mgonjwa mwenye rufaa ya Dar siku ile alipita wapi. Ndo maana daktari wa huku lazima ajue kumaliza mambo mengi hapohapo alipo.

Mingoyo nikashuka nikadandia kosta ya Masasi. Mtama, Nyangao, Nanganga, mikorosho kushoto na kulia, ilikuwa mwezi wa kumi watu wote wako mashambani wanaokota korosho. Hospitali niliyopangiwa ni ya misheni, sitaitaja.

Mwalimu wangu mkubwa pale hakuwa bingwa, alikuwa mama mmoja muuguzi wa wodi ya watoto. Siku ya kwanza tu kaniambia, "Dokta, weka stetoskopu chini kwanza, funua kifua cha mtoto uhesabu pumzi dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha." Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 zikifika 50, wa mwaka mmoja mpaka mitano zikifika 40, na anakohoa, hapo unaanza kufikiria nimonia. Haya darasani nilishayasoma, ila kukaa na mtoto anayelia ukasubiri atulie ndo uhesabu, hiyo haifundishwi kwa slaidi.

Usiku mmoja akaja bibi na mjukuu kwenye bodaboda, mtoto ana degedege. Yule mama muuguzi akamwamkia, "Shikamoo bibi," huku mkono wake tayari uko kwenye kiganja cha mtoto. Kiganja cheupe kabisa, dalili ya kupungukiwa damu. Akaagiza sukari ipimwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote, maana malaria kali inashusha sukari na mtoto anaweza kukuponyoka wakati wewe unahangaika na homa, na kweli ilikuwa chini, akapewa dekstrosi, yani maji ya sukari ya mshipani, alafu artesuneti, sindano ya malaria kali, kwa uzito wake. Chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, unarudia baada ya saa 12 na saa 24.

Ikabaki kumwongezea damu. Bibi akasema tumsubiri mjomba. Mi damu inanichemka, kumbe muuguzi anaelewa kuliko mimi, huku kwa Wamakua na Wamwera na Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake na neno la mjomba lina uzito, kwahiyo wala hakubishana, alimpigia simu mjomba mwenyewe, akamweleza taratibu, mjomba akaja na ndo yeye aliyetoa damu. Asubuhi mtoto anadai uji.

Kwenye hospitali kubwa mwanafunzi unasimama nyuma ya raundi, mbele yako kuna intern (daktari aliyemaliza chuo yuko mafunzo ya vitendo), rezidenti (daktari anayesomea ubingwa), bingwa, mgonjwa mwenyewe unamwona miguu. Huku ukiwa zamu mtu anakutazama wewe. MD, yani shahada ya udaktari, ni miaka mitano na mmoja wa intern, na muda wa wilayani ni mfupi mno, mi naona ungeanza mwaka wa tatu na uwe mrefu, na muuguzi kama yule apewe nafasi rasmi ya kufundisha, alipwe kabisa kwa kazi hiyo. Tukitoka huko tu ndo tutaweza kupangiwa hospitali ya Newala au Nachingwea bila kutafuta uhamisho wiki ya kwanza.