Siku mbili Kilwa, na kamba ya baba

Baba yangu alikuwa fundi mwashi, Temeke, kwa zaidi ya miaka thelathini. Tulipogawana vitu vyake baada ya arobaini, mimi nilichukua timazi na kamba yake ya katani, ile aliyoiunganisha ncha na kuifunga mafundo kumi na mawili. Kila siku alikuwa akisema atakwenda Kilwa akaone wazee walivyojenga. Hakujaliwa. Mwezi uliopita nimekwenda mimi, na kamba nikaitia mkobani.

Basi lilitoka Mbagala alfajiri. Rufiji tukaivuka kwa Daraja la Mkapa, Nangurukuru tukakata kushoto, na adhuhuri nilikuwa Kilwa Masoko nakula wali wa nazi na changu wa kukaanga. Nikachukua kibali ofisi ya mambo ya kale, nikalala. Asubuhi nikapanda mashua pamoja na kijana wa kisiwani anayetembeza wageni. "Shikamoo mama," akaniambia, akanishika mkono nikaingia. Tanga likashiba upepo.

Kitu cha kwanza unachokiona ukikaribia Kisiwani ni Gereza. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505, lakini kuta zinazoonekana leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. Bahari imekula upande mmoja. Mmomonyoko huo ni miongoni mwa sababu zilizofanya UNESCO iiweke Kilwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na ikaondolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Sikukaa sana. Nilikuwa na hamu ya Msikiti Mkuu.

Nilipoingia nilinyamaza. Upande wa kibla ndio wa zamani zaidi. Sehemu ya kusini, yenye kuba na matao, ni upanuzi ulioanza karne ya 14. Hakuna nondo mle, wala saruji. Ni mawe ya matumbawe na chokaa. Baba alinieleza jinsi chokaa hiyo inavyopatikana: unapanga magogo duara, unarundika matumbawe juu, unachoma usiku kucha, kisha unaacha majivu yale meupe yalale na maji muda mrefu kabla ya kuyagusa. "Saruji ina haraka," alikuwa akisema, "chokaa ina subira." Tumbawe la kuchonga nakshi nalo lilitolewa baharini likiwa bichi na laini, likachongwa upesi, likaachwa ligumuke juani. Niliweka kiganja ukutani. Palikuwa baridi, ingawa nje jua lilikuwa kali.

Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa, akausifu mji kwa uzuri na ujenzi wake. Sultani wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Msafiri huyo anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja wa Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akampa. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi; sultani alipoona watu wanamsifu, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi tena na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kijana alisimulia kwa fahari, nami nilifurahi mpaka pale kwenye watumwa. Watu ishirini, bei ya nguo. Nikamwambia hivyo. Akatulia kidogo, akasema, "Ni kweli mama. Na matumbawe haya nayo yalibebwa na watu." Hadi sasa bado nalifikiria jibu lile.

Husuni Kubwa iko mashariki, mwendo wa kutosha kwa miguu. Ni kasri la sultani huyohuyo, vyumba zaidi ya mia juu ya genge la bahari, lililojengwa kwa utajiri wa dhahabu iliyopita Kilwa ikitoka Sofala, bandari ya kusini iliyo Msumbiji ya leo. Mimi kilichonishika ni birika la kuogea, lenye pembe nane. Pembe mraba fundi yeyote anaipata. Nane! Nilizunguka lile birika mara tatu nikiwaza fundi aliyelipiga mistari yake, alisimama wapi, alianza na upande upi. Baba angekaa pale mpaka magharibi.

Tuliporudi ufukweni maji yalikuwa yametoka, ikabidi tungoje. Kijana akaniuliza kwa nini niliisema sana habari ya pembe. Nikatoa ile kamba. Nikamwonyesha: fundo hili shika wewe, hesabu nafasi tatu, piga kigingi, hesabu nne, piga kingine, tano zilizobaki zinarudi kwako zenyewe. Vuta. Pembe mraba ikalala pale mchangani, bila kipimo kingine chochote.

"Nani alikufundisha mama?"

"Baba."

Akang'oa vigingi, akaisawazisha michanga kwa mguu, akaanza upya peke yake. Mara ya kwanza ilienda upande. Mara ya pili ilikaa. Nahodha alipotuita tulikuwa tumepiga msingi wa chumba kizima, mlango ukielekea baharini.