Kwa Popo wa Migomba, Ukingoni mwa Msitu wa Kakamega

Matatu ilitoka Kisumu ikapanda Kiboswa, ikapita Majengo na Mbale, nami nikashukia Khayega. Bodaboda ikanipeleka Shinyalu, kisha Isecheno, pale msitu unapopakana na chai na mahindi.

Siku nyingi nimevutiwa na popo wanaojitengenezea mahema ya majani. Kule Amerika ya Kati, popo mweupe wa Honduras huitafuna mishipa ya jani la helikonia, jamaa wa mbali wa mgomba, kandokando ya uti wake, hadi pande zote mbili zilegee na kuinama. Kundi zima hujibana chini ya paa hilo mchana kutwa, mvua isiwapate wala adui asiwaone. Wenye ufundi huo ni takriban spishi 20 tu, nyingi za Amerika, chache za Asia. Kakamega nilimfuata mwingine, anayelala ndani ya jani bila kulitafuna: popo wa migomba, ambaye mtaalamu wa wanyama Mjerumani, Wilhelm Peters, alimweleza kisayansi mwaka 1852 kutoka Msumbiji.

Kijana aliyeniongoza hakunipeleka msituni. Tulikwenda kwa mama mmoja, nyuma ya jiko lake. "Karibu mwanangu, hao wapo siku zote," akasema. Kijana alikuwa na kioo kidogo alichokifunga kwenye ufito; akakiinua juu ya jani changa lililosimama wima, bado limejiviringa. Kwenye kioo nikaona manyoya ya kahawia, kisha sikio, kisha sikio la mwenzake. Mmoja hafiki gramu 5. Jani hilo ndani linateleza, lakini wao wana vitakia kwenye vidole gumba na nyayo, navyo huwasaidia kung'ang'ania. Tukakishusha kioo upesi, maana popo akishtuliwa mchana hutoka kwenye mwanga, na ndege wawindaji hawako mbali.

Tabu ya nyumba hiyo ni kwamba haikai. Hema la helikonia huweza kutumika kwa wiki kadhaa. Jani la mgomba hufunguka baada ya siku chache, na likishafunguka halimfai tena. Basi popo huyu ni wa kuhamahama. Ndiyo maana nililipenda shamba lile: migomba mikubwa, ya kati na machipukizi, yote pamoja, hivyo jani jipya halikosekani. Tunapozungumzia kuhifadhi Kakamega tunaitazama mno miti mikubwa. Mla wadudu huyu makao yake yako uani kwa watu, na yanastahili kuhesabiwa.

Asubuhi tulirudi. Jani la jana lilikuwa limeachia, tupu. Mama akatuonyesha mgomba wa pili yake, kioo kikapanda, na kweli walikuwamo. Nikamwomba asiyang'oe machipukizi yote akishakata mkungu.

"Yote niyang'oe, mwakani nitakula nini?" akaniuliza. "Kila shina naliachia matatu. Yanayozidi nampa jirani, akapande kwake."