Huyo Uliyembeba ni Nani?

Begi langu lilishuka Masaka bila mimi. Ndivyo konda alivyonieleza tulipofika Kampala saa tano usiku, huku anatafuna karanga: kuna abiria kashuka na begi jeusi, la kwako nalo jeusi, basi subiri atakapogundua. Safari kutoka Iringa ilinila siku tatu na sina la kuisimulia zaidi ya magoti. Mutukula, mpakani, nilibadilisha fedha kwa bei ambayo hadi leo sijathubutu kumwambia mke wangu.

Nilikuwa nafuata wino na fremu. Kazi yangu ni kuchapa fulana, na mwenzangu mmoja Mkongo alikuwa amenijaza maneno kwamba Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, vifaa vinauzwa kama njugu. Mtaa upo kweli, mashine zinalia toka asubuhi, mabango ya wanasiasa na wanamuziki yamening'inizwa kama nguo. Lakini bei ni zile zile za Kariakoo, ukijumlisha na usumbufu.

Asubuhi ya kwanza nilienda soko la Owino kutafuta nguo ya kubadili. Kule mitumba wanaiita mivumba. Kijana wa Goma, mwenye Kiswahili cha Kikongo kinachopanda na kushuka, alinirushia fulana nyeusi: mifupa ya mwanamke, meno yote nje, kichwani kofia pana yenye manyoya. Nilimtambua papo hapo, nikamsahau hata yule konda.

Ni Catrina wa Meksiko. Alichorwa na José Guadalupe Posada, mchapaji mwenzangu, aliyefariki mwaka 1913. Alikuwa anawakejeli wanawake waliojipaka poda na kuvaa kofia za Kifaransa huku wakiikana asili yao ya wenyeji wa kale wa Meksiko. Posada alimpa kichwa na kofia tu. Mwaka 1947 Diego Rivera akamchora mzima ukutani, na gauni lake, na jina la Catrina likamganda. Siku hizi kila tarehe 1 na 2 Novemba, Wameksiko wanapowakaribisha marehemu wao kwa maua na mikate, yeye yuko kila mahali. Haya nayajua kwa sababu fuvu ndilo linalonilisha. Vijana wa bodaboda hawataki simba wala tai, wanataka fuvu. Kuna mteja wangu mvuta sigara niliyemchapia ule mchoro wa Van Gogh wa mwaka 1886, kiunzi cha mifupa chenye sigara mdomoni, akarudi kuagiza mbili zaidi.

Kijana alitaka elfu kumi na tano. Nikatoa elfu tisa, nikavaa pale pale, nikiamini mjanja ni mimi.

Siku ya tatu jamaa wa Nasser Road akaniambia Luweero kuna fundi seremala anatengeneza fremu za kuchapia kwa nusu bei. Teksi, yaani daladala yao, ilingoja kujaa saa nzima na nusu. Nilibanwa dirishani na bibi mmoja aliyevaa gauni la Kiganda, gomesi, la zambarau, mapajani kapakata kikapu.

"Shikamoo, bibi."

Akatazama mbele. Nikadhani hasikii vizuri, nikainama karibu na sikio lake nikarudia kwa sauti ya juu. Akakikumbatia kikapu chake.

Bombo, kwenye kambi ya jeshi, alipanda mzee wa Kinubi mwenye kofia ya kufumwa, akakaa upande wa pili wa bibi. Hatujafika mbali bibi akamwambia neno kwa Kiganda, akinionyesha kwa mdomo. Mzee akanigeukia.

"Mwanangu, mama huyu anauliza: huyo uliyembeba kifuani ni nani?"

Nikacheka. "Si mtu, mzee. Ni mchoro tu, wa Meksiko."

Akatafsiri. Bibi akajibu kifupi.

"Anasema, huko Meksiko hana ndugu wa kumzika?"

Hapo kicheko kikanikauka. Bibi akaendelea kusema, taratibu, macho barabarani, na mzee akawa anamfuata nyuma kwa Kiswahili. Vita vya msituni vya Luweero, vya waasi wa Museveni na jeshi la serikali, vilipoisha mwaka 1986 watu walitoka porini wakakuta mashamba yamegeuka vichaka na mifupa imetapakaa. Wakaiokota. Mafuvu wakayapanga kando ya barabara hii hii, juu ya meza za miti, safu kwa safu. "Kama wapangavyo nyanya," alisema mzee, kisha akaongeza, "hilo ni neno lake, si langu." Wageni walikuja na kamera. Bibi mwenyewe alikuja kumtafuta mumewe, akatembea meza hadi meza, akaona wote wanafanana. Baadaye yakazikwa pamoja katika makaburi ya halaiki na kujengewa kumbukumbu. Lakini kampeni za mwaka 1996 zilipoanza, akayaona tena, safari hii gazetini, katika matangazo ya kuwaonya wapiga kura wasirudi kule walikotoka.

Nilimwomba mzee aniombee radhi. Mzee akakohoa.

"Na ile shikamoo," akasema. "Hapa kwetu Kiswahili kilikuwa cha askari. Yeye anajua maneno matatu: lala chini, lete pesa, panda gari."

Panda gari! Mimi hayo ni maneno ya stendi, ya mpiga debe. Kule ndivyo watu walivyoita misako ya jeshi ya miaka ile ya themanini, unapakiwa kwenye lori na nyumbani wanabaki kuhesabu siku. Na mimi nilikuwa nimempigia kelele sikioni, mara mbili, nikiwa na fuvu kifuani. Adabu yangu yote!

Nikaivua ile fulana ili niigeuze. Jaribu kuvua fulana mkiwa wanne kwenye kiti cha watatu. Kiwiko changu kikampata abiria wa mbele, konda akaniambia hapa si bafuni, akina dada wa nyuma wakaangua kicheko. Nilipomaliza, lebo ikiwa kidevuni, bibi akanikagua na kusema kitu. Sasa hata mzee alitabasamu.

"Anasema bado anachungulia."

Kweli. Kitambaa cha mtumba kimechakaa, kofia na meno vilionekana kwa kivuli.

Bibi akashuka Wobulenzi. Alisema "weeraba", kwaheri, ila mpaka leo sijui aliniaga mimi au mzee. Luweero fundi hakuwepo, na fremu zake zilikuwa za mbao mbichi. Nikala nanasi, tamu mno, nikarudi.

Usiku ule gesti, kwenye chumba cha elfu arobaini kisicho na maji, niliwaza Kalenga, kule kwetu Iringa. Darasa la tano tulipelekwa kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, ndani ya kioo chake, tukapanga foleni tukisukumana, mwalimu akitukaripia tuvue kofia. Fuvu lile lilidaiwa hadi katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246, na halikurudi mpaka Juni 1954, gavana Twining alipolirudisha kutoka makumbusho ya Bremen, Ujerumani. Alilichagua katikati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa zake. Mimi sikuwahi kujiuliza yale mengine yaliyobaki kwenye rafu yalikuwa ya nani. Labda na yenyewe yanatokea njia ya kwetu.

Siku mbili zilizofuata nilizimaliza ofisini kwa wenye basi. Begi lilipatikana, viatu havikupatikana.

Wiki iliyopita kijana wa bodaboda kaja dukani, anataka fulana kumi na mbili za kijiwe chao, fuvu mbele, mifupa miwili nyuma. Nikamuuliza, "Huyu ni nani?"

"Nani tena, bro? Ni fuvu tu."

Nikachukua vipimo. Alitaka elfu nane kwa moja, nikakataa, tukakubaliana kumi.